Nora Anauliza Umelalaje

Little Barrow, Newfoundland
14 Septemba

Dada Rosella,

Usishtuke kuona barua. Hakuna aliyekufa. Nimekatazwa simu baada ya chakula cha jioni, na mchana wewe unawapikia wanaume mia nane huko kwenye kambi ya wachimba mafuta Alberta, kwa hiyo imebaki kalamu.

Aliyenikataza anaitwa Nora. Nora si mtu, ni sauti iliyomo ndani ya kishikwambi nilichopewa hospitali mjini. Ni mafunzo ya kulala kwa watu waliougua saratani. Ndiyo, dada, nimefika umri huu nafundishwa kulala. Tangu waliponikata titi na kunimalizia zile dripu zao, usingizi nao uliondoka. Nalala chali nikikodolea dari, na Phonse pembeni anakoroma kama mtu anayelipwa. Daktari alisema vidonge hataki kuniongezea, kuna hii tiba ya kwenye mtandao, imesaidia wengi, hebu jaribu. Nikasema haya.

Kila asubuhi Nora ananiuliza, "Zita, umelalaje?" Namjibu nimelala kiasi gani na nimeamka mara ngapi. Halafu ananisomea sheria. Kitanda ni cha kulalia tu. Usingizi usipokuja, toka kitandani ukakae kwingine mpaka macho yawe mazito. Mchana usilale, hata ukisinzia jishike. Na kila jioni chukua karatasi uandike yanayokusumbua, kisha uiweke mbali, usiingie nayo kitandani. Nikajiuliza, mbali kuliko Alberta ni wapi? Basi wasiwasi wangu nitakuwa nautuma kwako. Utanisamehe.

Wasiwasi wa leo: nimeitwa mjini kupigwa picha nyingine. Ya kawaida tu. Phonse naye anasema ya kawaida tu, ameshalisema hilo tangu asubuhi mpaka nimemwambia anyamaze.

Na wewe usianze kufungasha. Unajua Mama alivyokuwa akisema, mtu wa Little Barrow aliyehamia magharibi harudi ila kwa harusi au kwa jeneza, na hapa harusi hakuna. Ukionekana tu unashuka garini, watu wataanza kunichagulia nyimbo za kanisani. Nikikuhitaji nitakwambia njoo. Neno hilo hilo moja. Mpaka ulisikie kwangu, baki na masufuria yako.

Phonse anakusalimu. Anasema Nora ni mwanamke wa kwanza kuingia chumbani kwetu bila ruhusa yake.

Mdogo wako,
Zita


Kambini, kaskazini ya Fort McMurray
27 Septemba

Zita kipenzi,

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya gunia la viazi. Luz, mwenzangu wa jikoni, akaniuliza kama ni ya mapenzi. Nikamwambia ni ya mdogo wangu, amepata mwalimu wa kulala. Amecheka mpaka akaunguza mchuzi.

Sasa nisikilize. Kama Nora amesema usilale mchana, hulali mchana. Mimi nakujua. Tangu mtoto, ukishajitupa kwenye lile kochi la jikoni pembeni ya jiko, mtu hakuamshi mpaka chakula kiive. Baba alilala pale kila akitoka baharini, Mama aliugulia pale, na paka wote wa nyumba ile walizaliwa pale. Mwambie Phonse alitoe. Lisipokuwepo hutalilalia. Kaa kwenye kiti, mgongo wima, kama uko kanisani.

Nimemuuliza nesi wetu wa kambini. Anasema tiba hiyo si utani, watu wanarudi kulala bila vidonge. Ila wiki za mwanzo zinatesa, na wengi huishia hapo. Wewe huishii hapo. Ukilala mwili unajijenga, mwili ukijijenga unapona, basi, hakuna hesabu nyingine.

Mbona juzi kwenye simu sauti yako ilikuwa chini? Phonse ananiambia ni laini ya simu.

Siji. Nimekusikia. Likizo yangu ninayo, nimeiweka, sijaigusa. Nangoja neno lako, na neno la mtu mwingine silitaki. Phonse namjua, kwake hata kuku akipiga chafya ni msiba.

Dada yako,
Rosella


Little Barrow
11 Oktoba

Dada,

Umekaa huko miaka mingi mpaka umesahau kwenu. Umesahau kwamba kochi la jikoni halitoki nje ila mtu aliyeliugulia ameshakufa, ndipo linapelekwa uani lipigwe upepo. Na Phonse, aliyezaliwa hapa na hajawahi kutoka, naye akasahau. Wamelibeba yeye na binamu yake Gonzaga, wakaliegemeza kwenye uzio, wakaenda zao kutafuta ufunguo wa banda.

Mama Careen wa nyumba ya juu akachungulia dirishani. Muda si muda mlango ukafunguka, na huyo hapo, kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu, keki ya zabibu mkononi bado inatoa moshi. Sijui aliioka saa ngapi, nadhani alikuwa nayo tayari. Akanikuta nimekaa kwenye kiti.

"Zita," akasema, "umekaa."

"Nimekaa, Mama Careen."

"Kochi liko nje."

"Nora amenikataza."

"Nora ndiye nani tena?"

Nikamweleza. Akakaa chini, akalia kidogo, akasema basi keki tuikate tu, maana ikishaokwa imeokwa. Akala vipande viwili vya matanga yangu mbele yangu. Nimecheka, dada, kama sijacheka mwaka mzima. Halafu alipoondoka sikucheka tena.

Maana tangu siku ile watu wanabisha hodi. Unakumbuka lini mtu alibisha hodi kwenye mlango huu? Ni askari tu na padri mgeni. Sasa hata Gonzaga anabisha. Wengine wanaogopa kuniamsha, wengine wanaogopa watakachokikuta. Na wakiingia hawana pa kujitupa, wanasimama mlangoni na kofia mkononi, wanauliza naendeleaje, wanaondoka. Jikoni pamekuwa kimya. Sijapazoea.

Nora naye amenibana. Kwa kuwa nalala kidogo, amenipa muda mdogo wa kuwa kitandani, saa tano na nusu tu kwa usiku mzima, mpaka nitakapoonyesha kwamba najua kuutumia. Kama mtoto aliyeacha chakula, kesho anapakuliwa kidogo. Nangoja zamu yangu ya kitanda nimekaa kwenye kiti cha mbao na mgongo unaniuma. Phonse anakaa nami. Anasinzia yeye, namwamsha mimi, basi tumekuwa walinzi.

Picha walipiga, na wameshanipigia simu. Mambo ya kawaida. Wasiwasi wa leo siuandiki, si wote unaofaa kutiwa posta.

Usije.

Zita


Little Barrow
2 Novemba

Shemeji Rosella,

Hali ya hewa mbaya. Ukungu haujaondoka wiki nzima. Kuni nimekata za kutosha. Mwezi uliopita nilipata nyama ya msituni, nusu nimempa Gonzaga.

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Zita amenikataza nisikwambie mambo yake, na ameniapisha mbele ya sanamu ya Bikira ya mama yenu, kwa hiyo sikwambii. Sikuandikii habari za picha.

Ila ile likizo yako, shemeji, ingekuwa yangu ningeichukua sasa. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege saa yoyote, hata barabara iwe barafu.

Zita hali chakula. Hilo sikuapishwa kulificha.

Alphonsus


Little Barrow
10 Novemba

Dada Rosella,

Kaa chini kwenye gunia lako la viazi. Nimelala.

Sikusinzia, nimelala kabisa, na siyo usiku mmoja. Nora ameniandikia hivi, nakunakilia neno kwa neno: "Hongera, Zita. Wiki hii umelala karibu muda wote uliokuwa kitandani, asilimia tisini. Juhudi zako zimezaa matunda. Endelea hivyo hivyo." Ameniongezea na muda wa kitanda. Nimejiona kama mtoto aliyebandikiwa nyota kwenye daftari. Nilimsomea Phonse akatoka nje kwenda kuangalia kuni, na kuni alikuwa ametoka kuziangalia.

Mgongo ulikuwa unanisumbua, sasa nesi wa wilaya amekuja akanibandika kibandiko cha dawa begani, na tangu hapo mambo yamenyooka. Anakuja kila baada ya siku chache. Ni msichana wa kijiji cha Branch, bibi yake alicheza dansi na Baba.

Nimeona stempu zimepungua kwenye droo. Kama Phonse amekuandikia usimsikilize, wewe mwenyewe unamjua.

Juzi nilikuota. Tuko kwenye kile kitanda cha juu, mimi na wewe, na nyayo zako za barafu umenibandika mgongoni, na blanketi lote umevutia kwako kama kawaida yako ya uchoyo. Nikakusukuma nikaamka. Ulikuwa ukuta. Jana nilishika simu nikupigie, nikaiweka. Ulikuwa kazini.

Mdogo wako aliyelala,
Zita


Kambini
19 Novemba

Phonse,

Nimepata barua yako na ya Zita wiki moja. Yako imeninyima usingizi, yake imenirudishia, na wewe nina hasira nawe.

Shemeji, wewe ni mtu mwema lakini umezaliwa na sura ya mazishi. Mke wako analala. Asilimia tisini. Mimi mwenyewe, mzima wa afya, sidhani kama nafika hiyo. Miezi miwili iliyopita alikuwa hapati hata lepe, leo anaandika barua ya kunichekesha mpaka Luz anadai asomewe tena. Hali chakula? Nani angekula chakula unachopika wewe? Mpe supu ya njegere, weka nyama ya chumvi, mkate ukaange kwa mafuta na umwagie asali ya miwa. Atakula.

Na fikiria kidogo. Nikija sasa, bila kuitwa, atanitazama usoni na ataona jeneza. Atasema Phonse amemwita, basi nakufa. Usingizi wote huo aliouhangaikia utakwisha siku moja. Unataka hivyo? Alisema akinihitaji ataniambia njoo. Hajaniambia. Mimi na Zita hatujawahi kudanganyana kwa neno tulilowekeana.

Nimesogeza likizo mpaka Juni, samaki wadogo wakianza kujirusha ufukweni. Tutawazoa kwa ndoo kama zamani, na yeye atakuwa amekaa kwenye jiwe anatuamrisha. Msalimie. Usimwambie uliniandikia. Mwache mke wako alale.

Rosella


Little Barrow
1 Desemba

Rosella,

Kochi limerudi. Nilimwambia Phonse alirudishe, akalibeba peke yake, hakumwita Gonzaga. Nimelilalia sasa hivi ninapoandika, kwa hiyo usicheke mwandiko. Hodi zimekwisha. Mama Careen ameingia mara tatu leo, na mara ya tatu hakuwa hata na kisingizio, alikaa tu miguuni pangu akafuma soksi.

Ile picha. Ni ini, na mifupa ya mgongo. Waliniambia tangu Oktoba. Walisema kuna dawa wanazoweza kujaribu lakini walikuwa wanaangalia meza wanaposema, nikawaambia basi.

Nora aliniuliza mwezi ule ule kama bado natibiwa, maana mafunzo yake ni ya waliomaliza. Nikajibu nimemaliza. Akanipongeza. Sikumdanganya, dada. Matibabu yamekwisha kwa sababu hawana mengine.

Nilibaki naye kwa kuwa hakuwa ananiogopa. Wengine wote wakiniuliza naendeleaje wanashusha sauti. Yeye kila asubuhi ni umelalaje, umeamka mara ngapi, leo tutajifunza hiki, wiki ijayo kile. Wiki ijayo, Rosella. Hakuna mwingine aliyekuwa ananiahidi wiki ijayo. Nikamfanyia bidii. Nilikaa kwenye kile kiti na maumivu yangu nikijisemea nikifaulu hili tu, labda na lile jingine litarudi nyuma. Ulisema mwenyewe, ukilala unapona. Nilijua si kweli na nililishika hivyo hivyo.

Sasa nalala kupita kiasi. Zile asilimia nilizokutumia zilikuwa za dawa ya maumivu iliyomo kwenye kibandiko. Nalala mchana, nalala kijiko kikiwa mdomoni, Phonse ananiamsha kunipa maji naye analia akidhani sioni. Usingizi nilioutafuta umekuja wote kwa mpigo, na sasa siutaki. Kila nikifumba macho naogopa. Mchana mtu akiwepo siogopi sana.

Jumapili ulipopiga nilitaka kukwambia. Ukaanza habari za oveni iliyoharibika na bata mzinga hamsini wa Krismasi, nikapenda kukusikiliza, na ulimi ukakataa. Kwa hiyo naandika.

Njoo.

Njoo ulale upande wa ukutani na hizo nyayo zako. Blanketi chukua lote. Usije kuniambia nitapona, njoo tu.

Zita


Little Barrow
29 Desemba

Nora,

Najua husomi barua. Anuani nimeiona nyuma ya kishikwambi, ni ya ofisi fulani mjini, na huenda atakayefungua bahasha hii ni binti wa watu asiyejua hata nazungumzia nini. Basi naye asome.

Mimi ni Rosella, dada yake Zita. Phonse alinipigia simu asubuhi ya tarehe nane, nikiwa natoa mikate ndani ya oveni. Nikaja. Niliposhuka garini hapa hakuna aliyeshangaa kuniona, ndivyo tunavyorudi sisi. Mama Careen alikuwa ameoka keki nyingine. Safari hii hatukuikata.

Barua yake ya mwisho ilifika kambini nikiwa nimeshaondoka. Luz akairudisha huku. Imefika jana, nimeisomea jikoni kwake, nimekaa kwenye kochi lake. Ndani yake kuna neno nililokuwa nalingoja. Phonse aliniambia neno hilo hilo mwanzoni mwa Novemba, Zita alipokuwa bado anaweza kupanda ngazi, na mimi nikamjibu kuhusu supu ya njegere.

Nilikusudia kukutukana. Nimekaa nawe mezani tangu jana, nimesikiliza masomo yako yote, la kwanza mpaka la mwisho, na sijapata pa kukushikia. Yote uliyomwambia ni ya kweli kwa mtu atakayeishi. Wewe uliambiwa matibabu yamekwisha ukaamini, na mimi niliambiwa analala nikaamini. Lakini wewe huna masikio, Nora. Mimi nililala naye kitanda kimoja miaka kumi na minne, naijua sauti yake ikiwa inaficha kitu, na niliisikia ikiwa chini nikakubali kwamba ni laini ya simu.

Kochi lilipaswa lipelekwe uani siku ya mazishi. Hakuna aliyeligusa. Watu wanaingia bila hodi, wanalitazama, wanakaa kwenye viti.

Nilidhani maswali yako ya asubuhi yamekwisha. Leo asubuhi nimeshuka nikamkuta Phonse mezani, miwani puani, kidole kimoja kinatafuta herufi, anakujibu. Amekuwa anakujibu kila siku tangu tulipomzika. Umemuuliza, Zita, umelalaje? Akaandika, usiku kucha. Ukamuuliza ameamka mara ngapi. Akaandika, hakuamka. Nawe ukamletea nyota zako na maneno yako: "Hongera, Zita. Endelea hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Phonse, unafanya nini?"

Akasema, "Shemeji, tukiacha kujibu watamfuta."

Nilimmiminia chai.

Kwa hiyo siandiki ili mlifunge jina lake. Naandika kuwaomba msilifunge. Endelea kumuuliza kila asubuhi, Phonse atajibu, na siku asipoweza nitajibu mimi, maana kambini sirudi. Usiku nalala kwenye kochi lake, upande wa ukutani, blanketi nimeliacha upande wa pili. Usingizi sipati. Lakini hilo ni langu, usije ukaliandika kwenye jina lake.

Rosella